Uwezo mpya wa wavuti usiamuliwe na kampuni moja

VYAMA vya msingi na wanunuzi wa mazao wanaohamisha daftari zao kwenda kwenye simu wanazidi kuongezeka, na wengi huuziwa mfumo unaofunguka kama tovuti. Muuzaji atawaeleza bei na urahisi wake. Lakini ule uwezo ambao mfumo umejengwa juu yake umepitishwa na nani, na miaka mitano ijayo bado utakuwepo? Hilo haliulizwi, na kwa mtazamo wangu ndilo lenye fedha ndani yake.

Hakuna serikali inayopitisha mambo haya. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, alianzisha shirika la W3C mwaka 1994 ili lisimamie kanuni zake. Mwaka 2004 watu wa Apple, Mozilla na Opera hawakuridhika na mwelekeo wa shirika hilo, wakaunda kundi lao, WHATWG. Tangu mwaka 2019 pande hizo mbili zimekubaliana kwamba lugha ya HTML iandikwe WHATWG, ambako usukani umeshikwa na Apple, Google, Microsoft na Mozilla. Kanuni yao ni kwamba jambo jipya haliingii mpaka liungwe mkono na angalau watengenezaji wawili wa vivinjari, yaani programu za kufungulia tovuti kama Chrome, Firefox na Safari.

Wapo wanaoiona kanuni hiyo kuwa urasimu. Wawaulize waliojenga mifumo yao kwa Web SQL. Huu ulikuwa uwezo wa tovuti kuweka hifadhidata ndani ya kifaa chenyewe, hivyo karani angeweza kuandika kilo za pamba kijijini pasipo mtandao, akazituma akifika mjini. Kitu kizuri kabisa. Tatizo ni kwamba wote waliouweka walitegemea programu moja ya ndani, SQLite, na Mozilla ikakataa kuufuata. Novemba 2010 W3C ikasimamisha kazi hiyo kwa kuwa hakukuwa na mtengenezaji mwingine aliyeufanya kwa njia yake mwenyewe. Chrome iliubeba kwa miaka mingi, kisha ikauondoa mwaka 2023. Waliokuwa bado wanautegemea ikawabidi wajenge upya, kwa gharama zao.

Sisi wa kilimo jambo hili si geni. Mbegu mpya haipitishwi kwa sababu tu imestawi katika shamba la kampuni iliyoizalisha. Hupandwa kwanza katika kanda tofauti na kupimwa na watu wengine. Tena mbegu ina nafuu, maana isipokufaa unaiacha msimu unaofuata. Uwezo wa wavuti ukishaingia na watu wakajenga juu yake, kuutoa ni kuvunja kazi za watu.

Sasa tuje kwenye mizani. Tangu mwaka 2017 Chrome kwenye simu za Android inaruhusu tovuti kuwasiliana na vifaa vya Bluetooth. Kwa mizani inayofaa, uzito unaweza kuingia wenyewe kwenye kumbukumbu, na karani asipate nafasi ya kupunguza kilo mbili njiani. Anayejua malalamiko ya mizani vijijini ataelewa kwa nini natamani uwezo huo ufanikiwe. Hata hivyo Mozilla imeupinga kwa sababu za usalama, na mwaka 2020 Apple iliutaja miongoni mwa 16 ambao haitauweka kwenye Safari, ikihofia kwamba ungewasaidia wafuatiliaji kumtambua mtu kwa kifaa chake. Hofu hizo si za kubeza, japo mkulima anayepunjwa kilo naye ana hoja.

Mtu atasema, mbona unafanya kazi pia kwenye Edge na Opera? Ni kweli, lakini injini ni ile ile. Opera iliacha injini yake mwaka 2013, na Microsoft ikaijenga Edge upya juu ya injini ya Chrome mwaka 2020. Majina ni mengi, ila injini kubwa zimebaki tatu: ya Google, ya Apple na ya Mozilla. Mkulima aliyewahi kuwa na mnunuzi mmoja tu kijijini anajua bei hupangwa vipi.

Kwa hiyo naitetea kanuni ya wawili, hata inapotuchelewesha. Ninachokilalamikia ni kwamba sisi hatusikiki mezani. WHATWG inapokea hoja za mtu yeyote bila ada. Vijana wetu wanaotengeneza mifumo ya mazao wanaweza kueleza huko kwa nini mizani ni muhimu, na ni kinga gani zingetosha.

Wakati hilo likisubiriwa, chama kinachouziwa mfumo wa mizani kimtake muuzaji aufungue mbele ya wanachama kwa Firefox, kisha kwa iPhone. Uzito usipoingia, lazima iwepo njia ya kuuandika kwa mkono huku mkulima akiona, na njia hiyo iwekwe kwenye mkataba kabla ya malipo ya kwanza.