Ati "Miadi ya Kila Mwezi Ni Lupu Tu"? Wacheni Mchezo

Wasee, leo simung'unyi maneno. Kama umeunda apu ya kliniki, ya chama ama ya kanisa, na miadi ya kujirudia umeifanya kwa kunakili tarehe moja mara 52 kwenye hifadhidata, hiyo kazi hujaimaliza. Umeacha deni, na atakayelilipa si wewe.

Tuanze na hili neno "kila mwezi". Mtu ameweka kikumbusho cha tarehe 31 Januari. Cha Februari kitalia lini? Kwa JavaScript, ukiongeza mwezi mmoja kwa setMonth, unatua Machi 3, ama Machi 2 kama mwaka una siku 366. Februari imerukwa hivyo tu! Java nayo inakurudisha siku ya mwisho ya Februari, na ukizidi kuongeza kutoka hapo, hutawahi kuiona 31 tena. Kanuni za iCalendar, RFC 5545 ya 2009, zinasema mwezi usio na tarehe 31 unarukwa, kwa hivyo miadi yako inatokea mara 7 kwa mwaka. Majibu matatu tofauti. Je, ulimuuliza mteja anataka lipi? Ama uliacha lupu iamue?

Na usiniambie hayo ni mambo madogo. Mgonjwa wa presha amepewa vidonge vya siku 28. Apu yako inajua "kila mwezi" pekee. Mwezi ukiwa na siku 31, huyo mzazi wa mtu anakaa siku 3 bila dawa huku simu yake ikimwambia mambo yako sawa. Kila siku 28 ni mara 13 kwa mwaka, kila mwezi ni mara 12. Si kitu kimoja, na hazitawahi kuwa.

Halafu kuna saa. Sisi Kenya tuko saa 3 mbele ya UTC mwaka mzima, hatubadilishi. Ndiyo maana madevelopa wetu wanajaribu apu Nairobi, inafanya poa, wanaitoa. Lakini vijana wangapi hapa wanafanyia wateja wa Uingereza kazi? London hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Mkutano wa saa nne asubuhi kule ni saa saba mchana kwetu wakati wa baridi, na saa sita wakati wao wa kiangazi. Wewe ulihifadhi UTC pekee, kwa hivyo Aprili apu bado inasema saa saba. Kijana anaingia, mteja ashatoka kitambo. Nani atamwamini tena?

Dawa yenyewe si siri. Hifadhi kanuni, si nakala: inajirudia vipi, saa ngapi ya mahali, na jina la eneo, mfano Europe/London. Kisha weka kando zile siku zilizotolewa ama kusogezwa. Idd hufuata mwezi kuandama, kwa hivyo mkutano mmoja lazima usogee bila kuvuruga mingine. Mtu akibadilisha miadi, muulize: hii tu, hii na zinazofuata, ama zote?

Najua mtasema nakala ni rahisi kusoma na apu inakuwa na kasi. Sawa, tengeneza nakala za miezi michache ijayo. Lakini zitoke kwa kanuni, ndiyo kanuni ikibadilika uzifute na uzitengeneze upya. Ukweli ukae mahali pamoja.

Kabla hujaandika bei kwa ankara yako, jaribu vitu vitatu: tarehe 31, Februari 29, na Jumapili ya mwisho ya Machi kule London. Ikianguka hata moja, usiiite kalenda. Ni orodha ya tarehe, na hiyo hata karatasi ya ukutani inafanya, tena bila bando.