Samoni Akitoroka, Mwenye Kizimba Alipe

Mwezi Februari 2025 hali mbaya ya hewa iliharibu kizimba cha kufugia samaki huko Troms, kaskazini mwa Norway, na samoni wapatao 27,000 wakatokomea baharini. Mwenye mali, kampuni ya Mowi, ambayo ndiyo mfugaji mkubwa wa samoni duniani, ilitangaza kuwalipa wavuvi krona 500 kwa kila mtoro atakayekamatwa.

Msomaji na apige hesabu. Kama wote wangekamatwa, zawadi hiyo ingefikia krona milioni 13.5. Lakini samaki si mbuzi aliyekata kamba. Anayenaswa hulipiwa na kampuni. Asiyenaswa hulipiwa na mto, na mto haupeleki ankara kwa mtu.

Hasara yenyewe ni hii. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 wafugaji wa Norway wamekuwa wakichagua mbegu inayokua upesi. Kizimbani, penye chakula na ulinzi, sifa hiyo ni faida. Mtoni mambo ni tofauti. Samoni wa asili hurudi kuzaa katika mto aliozaliwa, na kila mto una ukoo wake uliozoea maji na majira ya hapo. Mtoro akizaa na wenyeji, watoto huwa na damu mchanganyiko, na majaribio yaliyofanywa Burrishoole, nchini Ireland, yalionyesha kwamba wengi wao hufa kabla ya kurudi kuzaa. Huko Norway, zaidi ya nusu ya mito iliyopimwa imeonekana kuwa na dalili za damu ya kufugwa.

Wafugaji wana utetezi wao. Samoni huiingizia Norway zaidi ya krona bilioni 100 kwa mwaka. Wanachangia mfuko wa kuwaondoa watoro mitoni. Tena, chawa wa samaki na mabadiliko ya bahari nayo yamewapunguza samoni wa asili. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo, mfuko humwondoa samaki anayeonekana. Hauwezi kuiondoa damu iliyokwisha kuingia katika mayai. Maji yakimwagika hayazoleki. Mwezi Juni 2024 serikali ilifunga mito 33 katikati ya msimu kwa uhaba wa samoni, na waliokuwa wakikodisha haki za kuvua wakakosa mapato. Ukoo uliokwisha kudhoofika hauwezi kuhimili misukosuko ya namna hiyo.

Safu hii inaona kwamba njia ya haki ni moja: samaki anayepotea alipiwe, awe amekamatwa au hakukamatwa. Lakini hesabu isiachwe mikononi mwa mwenye mali peke yake. Wataalamu wa Norway walikadiria kuwa kati ya 2005 na 2011 idadi halisi ya watoro ilikuwa mara 2 hadi 4 ya ile iliyotangazwa. Kwa hiyo kila samaki awe na alama, au chembe za urithi zilizosajiliwa, ili akikutwa mtoni ajulikane katoka kizimba gani. Ambaye hakutangazwa atozwe mara mbili.

Bei ya samoni huenda ikapanda kidogo. Na ipande. Mnunuzi anayepata nafuu leo anafadhiliwa na mto, bila mto kuulizwa.