Mama wa Kambo Si Mchawi

Jamani waandishi wenzangu, hadi lini? Kila mswada ninaosomewa hapa Arusha, mama wa kambo ananyima watoto chakula, na baba hana kosa, eti yuko safarini. Wapi! Someni Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976). Adila ni mkatili, sikatai. Lakini aliyemkataa mtoto kwa ajili ya rangi yake ni Fuad, baba mtu. Na ugomvi ukishaingia shambani, hapo ndipo riwaya inapouma. Huku Meru tunayajua hayo: migomba ileile, wana wa mama wawili, mzee kafa bila kuonyesha mpaka. Mimi ada ya kidato cha nne nililipiwa na mama wa kambo, kwa ndizi alizouza sokoni Kilombero. Huyo nani kamwandika?