"Utazoea" si jibu kwa aliyelipia miwani

Chini ya risiti za maduka mengi, yakiwemo ya miwani, huchapishwa maneno yale yale: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kwa fremu tupu ambayo mteja ameichagua mwenyewe kabatini, maneno hayo yanaweza kuvumilika. Kwa miwani ya progresivu, yaani ile ambayo lenzi yake moja huonyesha mbali, kati na karibu bila kuwa na mstari, ni kumkandamiza mteja.

Miwani hiyo hutengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja, kwa vipimo vilivyochukuliwa na duka lenyewe. Sehemu ya juu ya lenzi ni ya kuona mbali, ya chini ni ya kusomea, na kati yake upo ujia mwembamba ambao pande zake huwa na ukungu. Ndiyo maana fundi anatakiwa kupima umbali wa kila mboni kutoka katikati ya pua, pamoja na kimo cha mboni ndani ya fremu, mteja akiwa ameivaa. Akikosea kwa milimita chache tu, mteja atainua kidevu kama kuku anayekunywa maji kila anapotaka kusoma.

Akirudi kulalamika huambiwa "utazoea". Ni kweli kwamba macho huhitaji siku kadhaa, pengine wiki mbili. Anayetazama miguu yake kupitia sehemu ya kusomea lazima aone ngazi au matuta ya shamba yakiwa na ukungu, mpaka ajifunze kuinamisha kichwa. Lakini karani wa ghala ambaye baada ya mwezi mzima bado hasomi mizani, au mkulima asiyeona kiasi cha kuchanganya kilichoandikwa kwenye chupa ya dawa ya wadudu, azoee nini? Ametoa mamia ya maelfu ya shilingi na kazi haiendi.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, na akategemea ujuzi wake, bidhaa hiyo sharti iifae kazi hiyo. Ni biashara ngapi zinazotegemea ujuzi wa muuzaji kuliko hii? Na hayo maneno ya kwenye risiti hutolewa fedha zikiwa zimeshaingia kwenye droo. Sharti ambalo mteja hakuonyeshwa kabla ya kulipa si makubaliano.

Wenye maduka nao wana hoja. Lenzi iliyokatwa kwa macho ya mtu haiuziki kwa mwingine, na wapo wateja wachache ambao macho yao hukataa hata vipimo vikiwa sahihi. Hao, kwa maoni yangu, wawekewe lenzi za kawaida na kurudishiwa tofauti ya bei. Ila kosa likiwa la duka, na likishindwa kurekebishwa, fedha zote zirudi, za fremu zikiwemo. Baadhi ya viwanda vya lenzi huwatengenezea wenye maduka lenzi nyingine bila malipo mteja anaposhindwa kuzoea. Mwenye duka aliyepewa nafasi hiyo kisha akamwambia mteja hakuna la kufanya, anamdanganya.

Kujua kosa ni la nani si kazi ngumu. Lenzi hizi huchongwa alama ndogo mno, ambazo huonekana lenzi inapogeuzwa-geuzwa kwenye mwanga. Kwa kutumia alama hizo, mpimaji wa duka jingine anaweza kuonyesha lenzi ilivyopangwa na mboni ilipo. Mteja aende na cheti chake cha macho, apewe maelezo kwa maandishi, ndipo arudi alikonunua. Asiiache miwani huko bila kuandikishiana. Duka likigoma, malalamiko yapelekwe Tume ya Ushindani, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, na kama tatizo ni la upimaji, Baraza la Optometria.

Kwa ambaye bado hajanunua, aombe iandikwe kwenye karatasi ya oda, kabla hajatoa hata malipo ya awali, amepewa siku ngapi za majaribio na zikiisha bila mafanikio atarudishiwa nini. Duka lisilotaka kuandika, aliachie fremu zake.