Mambo ya Nyumbani: Kompyuta Ikiganda

Katika mitaa yetu ya Kariakoo na Gerezani nyumba nyingi siku hizi zina kompyuta, aghalabu iliyokwisha kutumika kwengine ikaletwa na wafanya biashara. Mtoto huiandikia kazi ya shule, mama huwekea hesabu za duka, na picha za wazee waliokwisha tangulia mbele ya haki zimo humo. Basi siku moja kioo kinasimama: kipanya hakiendi, herufi hazitoki. Hapo hutokea mambo mawili tusiyoyapenda. Mzazi humgombeza mtoto kwamba ameiharibu, au mtoto, kwa kuogopa kugombezwa, huchomoa waya ukutani.

Wazazi tusiwalaumu mno. Mwaka 1974 Serikali ilikataza kuingiza kompyuta nchini, na katazo hilo lilidumu kwa miaka. Wengi wa rika letu wamekua bila ya kuiona kwa macho. Walakini kuganda si kuvunjika, na yafaa kila mwenye nyumba alijue hilo.

Kompyuta ina hifadhi mbili. Ya kudumu ni diski, ambayo faili hukaa humo hata umeme ukizimwa. Ya pili ni ya muda, iitwayo ramu, nayo ni mfano wa ubao wa chuoni: yote yanayofanyika sasa huandikwa hapo, na umeme ukikatika yote hufutika. Programu moja ikikosea, au zikifunguliwa nyingi kuliko nafasi ya ubao, kazi hukwama. Kuwasha upya ni kuufuta ubao na kuanza tena. Ndiyo sababu dawa hii nyepesi huponya mara nyingi, na ndiyo sababu vile vile maandishi ambayo hayajahifadhiwa hupotea.

Kwanza subirini dakika mbili tatu. Kisha bonyezeni kitufe cha Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima, mashine ingali yasikia. Hapo bonyezeni kwa pamoja Ctrl, Alt na Delete. Mpango huu aliutunga mhandisi David Bradley wa IBM kwa ajili ya kompyuta iliyotoka mwaka 1981, naye aliukusudia kwa mafundi wenziwe, si kwa watu wa nyumbani. Leo, katika Windows, hufungua njia ya kuiita Task Manager, ambayo huonyesha kila programu iliyo wazi. Ifungeni ile iliyokwama peke yake. Kazi ya programu nyingine itasalimika.

Ikiwa haisikii kabisa, shikilieni kitufe cha kuwashia mpaka mhesabu kumi. Itazimika. Ngojeni kidogo, kisha iwasheni. Hii iwe ya mwisho, maana diski ikikatizwa katikati ya kuandika, faili laweza kuharibika.

Liko jambo ambalo hata vijana hodari hawalijui. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukichagua kuzima, kompyuta nyingi huweka sehemu ya hali yake katika diski ili iwake upesi kesho yake, na kasoro yaweza kurudi pamoja nayo. Chagueni Restart, wala si Shut down.

Ikiganda kila siku, tazameni joto. Mji wetu una joto na vumbi, na baadhi ya akina mama, kwa kupenda nyumba ipendeze, huifunika mashine kwa kitambaa cha kufuma nayo inafanya kazi. Kitambaa hicho huziba matundu ya feni. Ondoeni, na wekeni mashine mbali na ukuta. Umeme ukikatika, chomoeni waya mpaka urudi na kutulia.

Lakini mkisikia diski inagonga-gonga, au mkinusa harufu ya kuungua, zimeni. Hapo ni kazi ya fundi. Na mafundi wengine, khasa wenye haraka, hukimbilia kupiga Windows upya, na katika kufanya hivyo huweza kufuta kila kilichokuwamo. Mwambieni waziwazi, kabla hajaigusa, kwamba anakili kwanza picha na maandishi katika fleshi. Kaeni hapo mpaka amalize, zifungueni picha mbili tatu mhakikishe, na fleshi hiyo mrudi nayo nyumbani.