Simba, Yanga na kiti cha moto cha CEO

Mnamkumbuka Senzo? Agosti 2020 aliachia ngazi Simba, mwezi huohuo akaibukia kwa watani, Yanga. Msauzi huyo alishapita Orlando Pirates. Simba wakampa kiti Barbara Gonzalez, aliyekuwa akifanya kazi na mwekezaji Mo Dewji. Desemba 2022 naye akatangaza kuondoka, akaja Imani Kajula, mtu wa masoko aliyewahi kuwa NMB. Yanga wakamleta Andre Mtine kutoka TP Mazembe.

Benki, ofisi ya tajiri, klabu za nje. Siyo kosa, kazi ni kazi. Ila katika hao wanne hakuna aliyeanzia chini pale Msimbazi au Jangwani, akakata tiketi na kupanga safari za timu hadi akapanda. Dogo mwenye digrii ya michezo leo aombe kazi benki kwanza?