Okapi Ni Neno la Nani?

Juma lililopita nilimdhulumu mtoto mbele ya ndugu zake, na afadhali niyaeleze mwenyewe kabla hamjayasikia kwa jirani.

Hapa Kisangani watoto wetu husoma kwa Kifaransa, huzungumza Kiswahili na Kilingala nyumbani na sokoni, nacho Kiingereza hukutana nacho katika shule ya sekondari, saa chache tu kwa juma. Kwa hiyo jioni, masomo yakiisha, mimi na wapwa zangu hucheza mchezo wa kupanga maneno ya Kiingereza kwa herufi. Hatukununua kitu. Tulikata vipande 100 katika boksi la sabuni, tukaandika herufi kwa wino, tukafuata hesabu ya mchezo uitwao Scrabble: E ziko 12, A ziko 9, lakini K ni 1 tu, na Q 1, na Z 1. Hesabu hiyo haikubuniwa ovyo. Alfred Butts, Mmarekani mchora ramani za majengo aliyekosa kazi katika dhiki ya miaka ya 1930, alizihesabu herufi katika magazeti apate kujua zipi hutumika sana na zipi ni haba. Iliyo haba huleta alama nyingi.

Basi jioni ile binti wa dada yangu, mwenye miaka 14, alikuwa nyuma ya wenzake, na K imemkalia mkononi. Akafikiri kitambo, kisha akapanga OKAPI. Kaka yake akacheka: "Huyo ni mnyama wa Ituri! Tangu lini ni Kiingereza?" Wote wakanigeukia. Nami, bila kufungua kamusi, nikasema, "Ondoa, mwanangu. Hilo ni neno letu." Akaviondoa vipande vyake kimya, akashindwa, akaenda kulala bila kuniaga.

Usiku sikupata raha. Nikawasha taa, nikafungua kamusi, na neno nikalikuta limekaa mahali pake kama mwenye nyumba. Sir Harry Johnston, aliyekuwa mkuu wa serikali ya Kiingereza katika Uganda, ndiye aliyepeleka London ngozi na mafuvu ya mnyama huyo. Wataalamu, walipoona kwanza vipande vya ngozi yenye milia, walimdhani ni aina ya punda milia. Fuvu ndilo lililoonyesha mwaka 1901 kwamba ni jamaa ya twiga. Mnyama walimjua kwa kuchelewa, na jina lake wakalipokea kwa watu wa msitu, msitu ule ule wa Epulu ambamo Hifadhi ya Okapi iliwekwa mwaka 1992.

Kwa nini basi nilikataa upesi vile? Katika shule niliyolelewa, aliyetamka neno la nyumbani darasani aliadhibiwa. Nikakua nikiamini kwamba kitabu cha Wazungu hakiwezi kuwa na kitu kilichotoka kwetu, na imani hiyo nilikuwa naanza kumrithisha mtoto asiye na kosa.

Asubuhi niliwaita wote, nikamwonyesha binti ule ukurasa, nikamwomba radhi. Alama zake 11 nikamrudishia, hata akawa mshindi, ingawa kaka yake alinung'unika mpaka chai ikapoa. Nilipowaambia kwamba katika mchezo wa Kifaransa K pekee ina alama 10, na okapi ingeleta 16, binti akauliza kwa nini basi tusicheze kwa Kifaransa!

Tangu hapo tunawinda. Mwenye W aikumbuke "bwana". Mwenye F, "safari". Mwenye K, "askari". Tuliloshangilia zaidi ni "likuta", ile senti ya fedha ya zaire iliyotumika toka 1967 hata 1998: wingi wake Waingereza wameuandika "makuta", kama sisi. Kwa herufi nyingine Kifaransa hutusaidia. Q karibu daima huandamana na U, na "question" huandikwa sawasawa katika lugha zote mbili. Vivyo hivyo "taxi" kwa X na "zone" kwa Z.

Wazazi wameniuliza juu ya programu za simu: mtoto huandika herufi zake, na maneno humiminika. Mimi sizikatazi baada ya mchezo. Wakati wa mchezo, nyumbani kwangu, simu hukaa kabatini. Mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alikuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa huko Ubelgiji, naye hasemi Kifaransa. Maneno aliyashika kwa moyo. Namstaajabia kweli, ila wapwa zangu hawatafuti ubingwa, wanatafuta mtihani wa Serikali. Kwa hiyo tumeweka sheria: apangaye neno alitumie katika sentensi, la sivyo vipande vinarudi mkononi. Sheria hii imenishinda mimi mwenyewe mara mbili.

Fumbo la juma hili: tafuteni maneno 10 ya Kiingereza yenye K na W pamoja. La kwanza nawapa bure: "week". Majibu juma lijalo, mahali hapa hapa.